Ng'ombe wa Sukari

Jumapili, 3 Agosti

Leo Baba ameweka masharti, kabla hata chai haijapoa. Amesema nina shahada ya uhandisi wa majengo na ninaoka keki katika jiko lake, na mambo hayo mawili hayakai nyumba moja. Rafiki yake huko Kacyiru anatafuta mtu wa kukagua ramani za nyumba na kuzipiga mihuri. Nafasi ipo.

Kupiga mihuri! Mimi!

Nimeomba wiki moja. Jumamosi ni gusaba ya Winifred, binti wa jirani: ukoo wa mume unakuja rasmi kumwomba msichana na kutoa ng'ombe wa mahari. Keki ya siku hiyo nimepewa mimi. Mama Winifred amesema itakuwa mtihani. Ikipendeza, nitatengeneza na ile ya harusi ya kanisani, ghorofa saba, wageni kutoka Kampala mpaka Mwanza. Baba amekubali: nikipata keki ya harusi, hatataja Kacyiru tena maishani. Nisipoipata, Jumatatu naanza kazi.

Kuna kidonda kimoja katika habari hii njema. Mama Winifred ameongeza kwamba Shallon, yule muoka keki wa mtaa wa Sonatubes, naye ataleta keki ndogo, watu waonje zote mbili, walinganishe. Amelisema hilo akinishika bega kwa upendo.

Jumatatu, 4 Agosti

Nimetazama picha za keki za Shallon kwenye simu kwa muda mrefu. Krimu nyeupe. Waridi la sukari. Jina la bibi harusi kwa mwandiko wa kujikunja. Zinafanana na mito ya kitanda cha hoteli. Na watu wanaandika chini yake: tamu sana, dada!

Utamu. Kana kwamba hilo ndilo lengo.

Keki ni tamko. Imesimama katikati ya watu na inasema kitu, au haisemi. Nimetembea mpaka kituo cha pikipiki na kurudi nikijiuliza: siku ya gusaba ni nani mwenye hadhi kuliko wote? Si bibi harusi, yeye anatoka mwishoni. Si wazee, wao wanabishana tu. Ni ng'ombe. Ng'ombe ndiye anayesifiwa, anayeimbiwa, anayefanya ndoa iwe ndoa.

Nitatengeneza inyambo. Ng'ombe wa kifalme, rangi ya kahawia, pembe ndefu zinazopanda kama kinubi. Mwenye ukubwa wa ndama halisi. Nimekwisha kupiga hesabu ya uzito wa pembe.

Jumanne, 5 Agosti

Nimefanya jambo. Naliandika hapa kwa sababu siwezi kulisema popote.

Nimempigia Shallon kwa laini mpya, kwa sauti ya mama mtu mzima mwenye mafua. Nimeagiza keki ya cherehani. Nzima, na gurudumu lake, na meza yake, ipelekwe Jumamosi asubuhi kwa fundi Usumani hapa Kabeza, kumpongeza kwa kazi yake njema. Kwa nini Usumani? Kwa sababu cherehani yake ilikuwa inanguruma nyuma ya dirisha langu nilipokuwa natafuta uongo. Ndiye anayeshona mishanana, yale mavazi ya sherehe ya kujitanda begani, ya wasichana watakaomsindikiza Winifred, kwa hiyo wiki hii hanyamazi.

Nilitegemea Shallon atababaika. Hakubabaika. Alisema, iko sawa kabisa mama, cherehani naweza, hata sindano nitaweka, na wewe kunywa chai ya tangawizi. Nimemtumia malipo yote kutoka akiba yangu ya oveni mpya. Mkakati una gharama zake.

Jioni Mama Winifred amekuja kulalamika kwenye ukuta wa ua. Shallon amepata kazi kubwa ya dharura, hawezi kuleta chochote Jumamosi. Nimesema pole kwa uso mzito.

Dhamiri imenisumbua mpaka wakati wa chakula. Kisha nimekula.

Alhamisi, 7 Agosti

Ng'ombe amesimama. Miguu ni mbao na waya, mwili ni keki ya chokoleti tabaka juu ya tabaka, ngozi ni sukari niliyoikanda mpaka vidole vikafa ganzi. Pembe moja imeanguka asubuhi. Nimeijenga upya na kuiwekea mhimili wa ndani. Macho ni sukari nyeusi iliyoyeyushwa. Nimewasha taa na yakanitazama. Nilitoka nje kidogo.

Baba amepita jikoni kutafuta kijiko. Amemzunguka. Ameuliza kama ana matumbo manne au nimepunguza. Nimemjibu kwamba kejeli ni kimbilio la watu wasiojenga chochote. Amesema yeye amejenga nyumba ambayo ng'ombe huyu amesimama ndani yake, kisha akaondoka na kijiko.

Usumani naye amekuja uani, ana wasiwasi. Ameniambia kuna binti ameingia dukani kwake jana, akaizunguka mashine yake pande zote, akagusa kile kitambaa cha kijani cha mishanana, akauliza bei ya bitana na hakununua. Dada Gaju, amesema, mtu anayetazama cherehani bila kitambaa mkononi ni mtu wa kodi, hakuna mwingine. Nimesema yawezekana. Amekwenda kutafuta risiti zake. Mungu anisamehe.

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika nikiwa bado na sukari kwenye nywele.

Turubai lilikuwa jeupe. Koo mbili zimeketi zikitazamana. Upande wa Winifred msemaji ni Mzee Mutsinzi, mjomba wake. Upande wa mume ni Mzee Eustache, mtu mwembamba anayekohoa kabla ya kila mzaha. Wamebishana kama ilivyo ada. Mzee Mutsinzi akadai kwamba katika nyumba hii hakuna msichana, walikuwa na paka tu. Mzee Eustache akasema basi watamwoa huyo paka, na ng'ombe wamekwisha kumleta. Ng'ombe wa kweli, jike mwenye baka jeupe, alikuwa amefungwa nyuma ya turubai. Msifu ng'ombe akamwimbia sifa zake. Watu wakapiga makofi. Winifred akatoka na wasichana wake wa kijani.

Kisha ng'ombe wangu akaingia, juu ya meza ya magurudumu.

Kimya. Kile kimya nilichokiota! Simu zote zikainuka. Bibi mmoja akajishika kifua. Niliwaza: naam, hili ndilo tamko.

Mama Winifred, akimwaga machozi, akampa Mzee Mutsinzi kisu, akate kwa niaba ya ukoo. Mzee akamsogelea ng'ombe. Wakatazamana. Akaniita kwa kidole na kuniuliza kwa upole, mwanangu, nikate wapi?

Nilimjibu kitaalamu. Shingoni, nikasema. Hapo hakuna waya.

Kipaza sauti kilikuwa mkononi mwake. Watu wote walisikia.

Mzee Mutsinzi akakiweka kisu chini kama kitu cha moto. Akasema kwa sauti ya chini kwamba ng'ombe wa mahari haingii zizini asubuhi akachinjwa mchana, mbele ya waliomleta. Anasubiriwa azae. Tutaonekana watu gani? Mzee Eustache akakohoa. Nikajua. Akasimama na kusema wao wameleta ng'ombe aishi, azae, maziwa yajae vibuyu. Kumbe wenzao walikuwa na njaa, wangesema mapema, wangeletewa hata mihogo! Upande wake ukacheka mpaka viti vikalia. Upande wetu hakuna aliyecheka. Shangazi mmoja akapendekeza waanze na mguu. Mwingine akauliza, ili achechemee?

Nilijaribu kueleza kwamba ni chokoleti. Nilieleza kwa kirefu. Nilitaja aina ya unga. Nadhani haikusaidia.

Mwishowe wameamua kumheshimu. Msifu ng'ombe aliitwa tena, akamwimbia na yeye, akampa jina, Asiyeguswa. Ng'ombe wangu akasukumwa nje kwa vigelegele, hakukatwa hata sikio, akawekwa nyuma ya turubai karibu na mwenzake. Na wageni wote wakabaki na sahani tupu na uma mikononi.

Hapo ndipo Usumani alipoinuka. Alikuwa pale kwa sababu ya mishanana, amejaza pini kwenye ukosi wa koti. Akasema anaomba radhi kwa wazee wote, lakini asubuhi Mama Winifred, maana hakuna mama mwingine anayemshonea wiki hii, alimtumia zawadi ya keki kumshukuru kwa ushonaji, keki kubwa mno, na yeye aliona haya kuila peke yake siku ya shughuli ya watu. Aliomba ruhusa ailete. Mama Winifred akafungua mdomo. Akatazama zile sahani. Akaufunga. Akainamisha kichwa kwa unyenyekevu, kama mtu aliyekamatwa akitenda wema.

Ikaletwa. Cherehani nyeusi yenye maua ya dhahabu, gurudumu linazunguka kweli, na chini ya sindano kitambaa cha sukari, kijani kilekile cha wasichana, kimemwagika mpaka ukingo wa meza kwa mikunjo laini kama hariri.

Mzee Mutsinzi akashika kipaza sauti na uso wake ukang'aa. Akasema, tazameni, hapa vitambaa viwili vinashonwa kuwa nguo moja. Mzee Eustache hakupata hata kikohozi. Wakakata pamoja, mkono juu ya mkono. Mzee Eustache akaomba gurudumu apeleke kwa wajukuu.

Nimeonja. Vanila, ndimu kidogo. Nyepesi. Nimelia, na kina mama wakanipigapiga mgongo wakisema hata wewe, Gaju, zamu yako itafika.

Nilitoroka nyuma ya turubai nikae na ng'ombe wangu. Jike wa mahari alikuwa amelegeza kamba. Alikwisha kumlamba uso wote na alikuwa anaanza bega. Alilamba kwa makini, macho amefumba. Sikumfukuza. Alikuwa ndiye mteja wangu pekee.

Jumapili, 10 Agosti

Mama Winifred amekuja baada ya misa. Amenisifu. Amesema hakuna atakayemsahau ng'ombe yule, na kwamba keki ya harusi ataitengeneza Shallon. Aliona jina lake kwenye boksi la ile cherehani. Ameniomba nisikasirike, kwa kuwa ni watu wa kula, mwanangu, watu wanataka kula.

Baba alipiga rangi viatu vyangu vyeusi mwenyewe na kuviacha mlangoni mwa chumba changu. Ningependelea matusi.

Mchana ile laini mpya imelia mfukoni mwa aproni. Shallon. Anataka kumshukuru yule mama mwenye mafua kwa kumwamini, kwa sababu cherehani ile imemletea harusi ya ghorofa saba na maombi mengine ambayo hajayajibu yote. Aliuliza hali ya kifua. Nimekohoa. Nimesema, karibu sana, mwanangu. Amesema ataniombea.

Ni binti mwema. Sijui nifanye nini na habari hiyo.

Jumatano, 13 Agosti. Kacyiru

Siku ya tatu. Muhuri ni mzito kuliko unavyoonekana. Dirisha langu linatazama dirisha.

Nimepata nafasi ya kufikiri kwa utulivu, na nimeona kosa langu lilipokuwa. Lazima mtu aliyesoma alitazame kosa bila woga. Halikuwa ukubwa. Halikuwa ufanano, ufanano ulikuwa kamili. Kosa lilikuwa la umiliki. Ng'ombe yule alikuwa mali ya wakwe, na mtu hathubutu kukata mali ya wakwe. Basi keki lazima iwe kitu ambacho ni cha mwenye sherehe mwenyewe, chake kabisa, kisichobishaniwa na ukoo wowote.

Leo kikaoni wametangaza kwamba mkurugenzi wetu anastaafu tarehe ishirini na tisa. Ni mzee mpole, mwenye upara na miwani. Wakauliza nani anamjua mtu wa keki. Mkono wangu ulikuwa juu kabla swali halijaisha.

Na ni kitu gani mtu anakimiliki kuliko uso wake? Nitatengeneza kichwa chake. Ukubwa halisi, miwani na yote, macho yanayong'aa. Nilimkazia macho kikao kizima, nikapima masikio kwa kalamu kutoka mbali. Alinitabasamia. Ndani yake nitaweka krimu ya stroberi, nyekundu, kwa uchangamfu.

Mkewe atakuwepo. Yeye ndiye atakayepewa kisu.