Sura ya Mwisho Iko kwa Mwenyekiti

Jumatatu, 3 Juni
Nimefura! Klabu ya vitabu nimeianzisha mimi. Sebule yangu, viti vyangu, chai yangu! Leo shemeji, mdogo wake mke wangu, fundi cherehani, kasema Jumamosi uenyekiti upigiwe kura. Eti mwenyekiti hasomi. Uongo mtupu! Nasoma sura ya mwisho ya kila kitabu. Ukishajua nani kafa na nani kaoa, ya katikati ya nini? Mke wangu akamuunga mkono. Kweli kikulacho ki nguoni mwako.

Jumanne, 4 Juni
Nimepata dawa yao. Klabu ina nakala moja tu ya kitabu, inazunguka nyumba hadi nyumba. Mke wangu yuko katikati, wengine nao hawajafika mwisho, na leo kiko mezani kwetu. Nimeikata sura ya mwisho kwa wembe na rula, nikaificha kwenye foronya yangu. Jumamosi mwisho nitaujua mimi peke yangu. Nani atathubutu kuning'oa?

Alhamisi, 6 Juni
Kitabu kimemfikia shemeji, kaja kuuliza sura ya mwisho iko wapi. Nikamwambia huenda ni panya. Akauliza panya wa kwetu wanatumia rula tangu lini. Hana adabu!
Yule muuguzi, mwanachama wetu, naye alinisimamisha njiani, ananisihi nimwambie kama yule mjane wa kitabuni atarudishiwa nyumba yake. Nikamwambia avute subira. Raha iliyoje! Ila jioni wakaanza kupigiana simu, wanabishana juu ya mjane, mke wangu anacheka hadi machozi. Mimi hakuna aliyenipigia.

Jumamosi, 8 Juni
Laana! Kabla sijasafisha koo, shemeji kasema kwa kuwa mwisho haupo, kila mtu atunge wake. Mwalimu mstaafu, naye mwanachama, akamfunga jela shemeji wa mjane, yule mwizi wa nyumba. Muuguzi akamrudishia mjane nyumba. Mke wangu akasema mjane aiuze, ahamie mbali akaishi kwa amani, na alisema hivyo akiniangalia mimi. Wa shemeji yangu ulikuwa wa msamaha: mjane anamfungulia mwizi mlango, anamkaribisha ndani. Muuguzi akalia. Mwalimu akafuta miwani. Wanabishana, wanacheka, wanashikana mikono, chai imepoa. Katika sebule yangu!
Sikuvumilia. Nikasimama, nikapiga kelele kwamba wamekosea wote, nyumba inaungua na mjane anaolewa na mlinzi!
Shemeji akauliza kwa upole nimejuaje. Kisha akauliza huyo mlinzi ni nani hasa. Sikujua! Sura ya mwisho haielezi. Wakaangua kicheko.
Mke wangu akaenda chumbani, akarudi na foronya. Mwalimu akasema siku za mwizi arobaini. Shemeji akatoa sindano na uzi, akashona kurasa mahali pake, kisha wakaisoma sura kwa sauti, kwa zamu. Nilitamani kuuliza habari za mlinzi. Lakini nina heshima zangu.
Kura zote zikaenda kwa shemeji, isipokuwa yangu. Tena wameamua kuanzia sasa sura ya mwisho itolewe kwanza, ikae kwa mwenyekiti mpaka kila mtu atunge wake. Wazo langu! Wameniibia mchana kweupe, hata asante hakuna. Nimeumia, nasema kweli. Kiti changu chenyewe kaketi yeye.

Jumapili, 9 Juni
Kitabu kipya kimeanzia kwetu. Sura ya mwisho shemeji kaifungia kwenye droo ya cherehani yake. Sasa nisome nini? Mke wangu akanishauri nianze ukurasa wa kwanza kama binadamu wengine.
Nikaanza, ili nimnyamazishe. Kuna dereva kapoteza mzigo wa watu. Nilisoma hadi chai ikapoa. Sura ya kwanza nimeimaliza yote, na ni tamu, siwezi kukataa.
Basi nimefuata wembe. Sura ya mwisho wanayo wao. Hii ya kwanza iko kwenye foronya ya mke wangu, hapo hawatatafuta. Tuone wataanzia wapi!