Soksi za Mama Mkwe na Pikipiki Iliyogoma

Jumapili, 30 Aprili

Nimeitoa pikipiki bandani. Miezi sita chini ya turubai, tangu theluji ya kwanza. Nimeifuta, nimebusu tangi (hakuna aliyeona), nimewasha swichi. Kimya. Hata taa haikupepesa. Betri imekufa.

Mke wangu Radojka alikuwa mlangoni, mikono kiunoni. Akasema Ijumaa linapita lori la vyuma chakavu, lile la kipaza sauti, na dude hili lisiponguruma kabla ya hapo, linapanda lori. Banda analitaka kwa kuku. Kuku! Nikamkumbusha kwamba nilimposa juu ya pikipiki hii. Akasema anakumbuka, ndiyo maana ana hasira nayo.

Jumatatu, 1 Mei

Sikukuu. Tumechoma nyama uani. Betri iko kwenye chaja, mimi nina mafua ya kufa mtu.

Shemeji yangu Milojko, kaka yake Radojka, anakaa nyumba ya pili. Anajua pikipiki kuliko mtu yeyote hapa bondeni. Msemaji mkuu wa habari hiyo ni yeye mwenyewe. Leo, koleo la nyama mkononi, mbele ya watu wote: "Shemeji, hiyo itawaka siku kuku atakapoota meno. Wewe niite tu nikusaidie."

Nimwite? Afadhali niisukume mpaka Belgrade.

Jumanne, 2 Mei

Betri imejaa. Taa zinawaka! Injini haiwaki. Nimepiga kiki mara sitini, mguu umevimba. Nimefungua plagi, nyeusi tii, nimeisugua kwa msasa. Cheche safi, ya buluu. Bado.

Basi ni petroli. Imekaa tangu Oktoba, imechacha. Nimeimwaga yote. (Kwenye vitunguu vya Radojka. Hajaona.)

Jioni homa. Mama mkwe, Mama Stamenka, kanivalisha soksi zilizolowa rakija yake ya plamsi, pombe kali inayotibu kila kitu nyumbani humu isipokuwa kiu yangu. Kisha kanisokomeza vitunguu saumu puani. "Tulia, mkwe wangu, hujafa bado."

Jumatano, 3 Mei

Kituo cha mafuta kiko kilomita kumi na moja. Mwenye gari ni Milojko. Simwombi ng'o. Lakini gerejini kwake, nyuma ya matairi, lipo dumu la kijani, bila shaka petroli ya akiba. Nimevizia mpaka akaenda sokoni na mkewe. Huu si wizi. Mtu na shemeji yake mali yao moja.

Lita nne ndani ya tangi. Nikapiga kiki. Ikakohoa mara moja kama mlevi, ikanyamaza.

Alhamisi, 4 Mei

Akili mpya: mteremko. Nimeisukuma mpaka juu kanisani, saa nzima, soksi zikichuruzika. Nikaipanda, nikatia gia, nikajiachia. Nimewapita wanakijiji wote kimya kabisa, kama jeneza. Padri Gavrilo alivua kofia. Nimeishia kwenye dimbwi la bata.

Ijumaa, 5 Mei

Asubuhi kipaza sauti kikasikika ng'ambo ya daraja: leteni majiko, leteni mabomba. Radojka akafungua geti. Nami nikamwona Milojko anaingia na sanduku la spana. Mama Stamenka kamwita bila kuniuliza!

Akafungua kabureta. Akachovya kidole, akanusa. Akanusa tena. Akanitazama.

Ndipo nikaelewa. Krismasi Milojko aliapa mbele ya mkewe na padri kwamba ameacha pombe. Lile dumu halikuwa la petroli hata siku moja, ila kwa mafua yangu sikunusa kitu. Mimi siwezi kusema niliiba. Yeye hawezi kusema niliiba nini.

Radojka akakunja pua, akauliza mbona pananuka rakija.

"Soksi!" tukasema wote wawili kwa pamoja.

Milojko akakinga tangi kwa ndoo safi, hata tone halikuanguka. Akasafisha kabureta, akavuta petroli kwenye gari lake. Kiki moja. Ikanguruma! Lori likapita na wala hatukusikia linataka nini. Machozi yalinitoka. Nimewaambia ni mafua.

Jumamosi, 6 Mei

Đurđevdan, sikukuu ya Mtakatifu Georgi. Tumekwenda mtoni alfajiri, Radojka nyuma yangu, taji la matawi mabichi ya sikukuu juu ya helmeti, kanikumbatia kama mwaka ule. Kwenye kona ya kinu cha unga akaninong'oneza: rakija ya mama ni ya plamsi, ndoo ile ilinuka pichi, na ya pichi anapika Milojko peke yake. Nikasema upepo mkali, sisikii. Akacheka mpaka tukayumba.

Mtoni watu wakauliza nani kaitengeneza. Milojko alikuwa anatafuna mwanakondoo.

Nikasema mimi. Peke yangu.

Milojko akameza kwa shida. Angesema nini?

Jumapili, 7 Mei

Baada ya ibada Padri Gavrilo kanishika mkono. Kasikia kumbe mimi ni fundi. Mashine ya kanisa ya kukatia nyasi inapiga kelele kidogo, je, naweza kuitazama? Nimemwambia, baba, umefika. Mwalimu naye ana pampu. Nimekubali. Posta wana pikipiki mbili. Nimekubali zote.

Milojko kauliza kama nahitaji msaada. Nimemcheka.

Mashine ya padri nimeshaifungua, vipande arobaini na vitatu mezani. Kazi inakwenda vizuri. Kinachonishangaza ni kimoja tu: kabla sijaifungua, ilikuwa inawaka.