Mshale wa Joto la Moshi

Jumatatu, 9 Juni

Ukungu asubuhi nzima. Lori limesimama uani kama ng'ombe anayelala wima. Nimekaa ndani ya kabini na kikombe cha chai, magoti yakigusa usukani. Kiti sijakisogeza nyuma. Mke wangu alikuwa mfupi, akakivuta mbele hadi mwisho wake, na miezi tisa sasa mimi naendesha nimejikunja kama panzi. Si shida. Mtu huzoea.

Shida ni shemeji, kaka yake. Lori ni letu sisi wawili. Ndivyo marehemu alivyotaka. Leo amekuja, akachungulia dashibodi, akauliza kwa nini mshale wa geji ya joto la moshi umelala kwenye sifuri ilhali injini inanguruma. Nikamwambia ni baridi. Akasema baridi gani, moshi wa dizeli hauvai sweta. Akanikumbusha sheria ya dada yake mwenyewe: mlima wa kutoka machimboni haupandwi na mzigo bila geji ile, maana moshi ukizidi moto, injini inaungua kwa ndani na huna habari. Nikamwambia geji ni nzima, imepumzika tu. Akasema sawa, ipumzike hadi Ijumaa. Ijumaa tunapanda mlima wote wawili. Mshale usipocheza, jioni hiyohiyo lori linakwenda kwa mnunuzi.

Kwa mnunuzi! Na kitana cha mke wangu bado kimo kwenye mfuko wa mlango!

Nina siku nne. Na nina akili.

Jumanne, 10 Juni

Nimekwenda gereji kwa fundi wanayemwita Nati. Sikutaka ajue kwamba ni lori letu. Mke wangu ndiye aliyekuwa akija hapa, na wawili hao walizungumza lugha ya spana ambayo mimi sikuwahi kuielewa. Nikasema nina rafiki mwenye lori, na geji ya rafiki huyo imelala. Nati akauliza lori la rafiki lina rangi gani. Nikasema kijani. Akatazama lori la kijani lililosimama nyuma yangu, akasema basi nimwambie rafiki aichomoe sensa, kile kijiti cha chuma kinachoingia kwenye bomba la moshi, aitumbukize kwenye maji yanayochemka, waya zikiwa zimeunganishwa vilevile. Mshale ukipanda kidogo, mambo safi. Usipopanda, tatizo ni sensa, au waya, au geji, au rafiki.

Sikuupenda mwisho wa orodha hiyo.

Nimechukua birika la mama mkwe bila kumsumbua kwa kumwomba. Maji yamechemka vizuri. Kutoka jikoni hadi lorini ni hatua arobaini. Nilizitembea polepole, maana mvuke ulikuwa unapanda na kuchanganyika na ukungu, na nikakumbuka mke wangu alivyokuwa akiugonga ule mshale kwa ukucha, mara mbili, kama anayebisha hodi kwa jirani, kabla ya kuanza mlima. Nilipozinduka maji yalikuwa vuguvugu, nikaitumbukiza sensa hivyohivyo. Mshale haukutikisika. Hitimisho: sensa imekufa.

Mama mkwe ameyaona masizi ndani ya birika. Ametangaza kwamba kuanzia leo chai yenye ladha ya lori ni yangu peke yangu.

Jumatano, 11 Juni

Duka la vipuri halina sensa. Wiki mbili, wanasema. Lakini nimewaza: shemeji anataka kuona mshale. Hataki kuona sensa. Fikra safi kabisa! Nikafungua kioo cha geji, nikausukuma mshale kwa kijiti cha meno hadi nyuzi mia nne na hamsini, joto la mtu mwenye heshima zake, nikaubana kwa tone la gundi. Nikarudisha kioo. Nikakaa kuutazama. Ulipendeza. Nikasinzia, na usingizini tulikuwa tunapanda mlima, mke wangu akiendesha, mimi nimepakata mikate, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kusema lolote.

Aliyeniamsha ni shemeji. Eti alikuwa anapita tu. Akautazama mshale. Akaweka kiganja juu ya boneti. Akauliza injini imezimwa tangu lini. Nikasema tangu jana. Akasema haya, shemeji, huo moshi wa nyuzi mia nne na hamsini unatoka wapi, puani mwako?

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Gundi imetoka kwa taabu, pamoja na ngozi kidogo ya kidole changu.

Alhamisi, 12 Juni

Nati amekuja mwenyewe na jiko la mafuta na sufuria. Akasema ameamua kumsaidia rafiki yangu. Akachemshia maji palepale kando ya lori, maana, alisema, maji yakishatembezwa uani hayachemki tena. Sensa ikazama. Akaniamuru niache kutazama mvuke, nitazame mshale. Ulikuwa unatetemeka! Ulikuwa unajibana kwenye ukingo wa sifuri kama mtu anayetaka kutokea mlango wa nyuma. Nati akasema huu haujafa, unarudi kinyumenyume. Akauliza nani alizishika waya.

Nikasema hakuna.

Mama mkwe akatoa kichwa dirishani, akasema ni huyohuyo mkwe wake, Jumapili ile ya juzijuzi, kutwa nzima, na mswaki.

Ikabidi niseme. Nilikuwa nasafisha tu. Nilitaka waya za marehemu zing'ae. Ndipo nikaona waya nyekundu ameifunga kwenye hasi. Kila mtu anajua nyekundu ni chanya! Nikajua amekosea, mara moja katika maisha yake yote, na nikaona nimfichie. Nikazibadilisha kimyakimya, nikakaza, sikumwambia mtu. Siku ile nilijisikia vizuri, kama niliyemfunika shuka.

Nati akainama kuzitazama waya. Kisha akasema waya za sensa hii si kama za betri. Hapa nyekundu ndiyo hasi. Akasema hata yeye hakujua, mpaka mke wangu alipomfundisha, akimwita kichwa kigumu mbele ya wateja. Akazirudisha kama mke wangu alivyokuwa amezifunga. Mshale ukanyanyuka taratibu hadi mia moja, ukatulia.

Nikaenda nyuma ya lori kukagua tairi. Nilikagua tairi moja kwa muda mrefu sana.

Ijumaa, 13 Juni

Tumepakia kokoto. Shemeji kakaa pembeni yangu, macho kwenye geji, hapepesi. Mia tatu. Mia tano. Kwenye kona ya pili ilikuwa mia sita na hamsini, na mstari mwekundu uko mia saba, na mimi nilikuwa natazama mawingu yaliyokuwa chini yetu. Naam, chini yetu! Shemeji akapiga kelele: mguu! Nikalegeza mguu, nikashusha gia. Mshale ukashuka mpole, kama mtu aliyesikilizwa.

Katikati ya mlima akaanza kusimulia mwenyewe, bila kuulizwa. Kwamba walipokuwa wadogo dada yake aliifungua saa ya ukutani ya baba yao, akairudishia, skrubu tatu zikabaki mkononi, na saa ikawa inakwenda vizuri kuliko kwanza. Baba akazitafuta skrubu hizo mwaka mzima. Tulicheka hadi kona ya mwisho. Miezi tisa nilikuwa sijamsikia akilitaja jina la dada yake.

Juu kabisa akanipa mkono. Lori linabaki. Akasema hatanisumbua tena kwa kuja kuja. Geji sasa inafanya kazi, simu inatosha.

Nikasema vizuri sana.

Jumamosi, 14 Juni

Ukungu umeondoka na ua umekuwa mkubwa bila sababu. Nimekaa ndani ya kabini. Geji zote nzima. Hakuna hata moja inayohitaji mtu. Nikahesabu: wiki hii tumepata wageni wengi kuliko miezi yote tisa.

Saa nne nimelegeza waya moja ya geji ya presha ya oili. Kidogo tu, kule chini, palipo na fungu zima la waya. Mshale ukalala. Nikampigia shemeji kwa sauti ya huzuni. Akauliza kama nimeshika kitu. Nikasema hapana, labda ni baridi. Jua lilikuwa linanichoma shingo. Akasema oili si mchezo. Anakuja Jumatatu asubuhi, na akikuta mshale bado umelala, mnunuzi atakuwa naye hapohapo.

Anakuja Jumatatu! Nimemwambia mama mkwe apike cha kutosha.

Kisha nimerudi kukaza ile waya. Tatizo dogo: sikumbuki ni ipi. Ziko kumi na tisa, zimelala pamoja, zote zinanitazama kana kwamba hatujuani. Lakini sina wasiwasi. Nimeona moja ambayo marehemu aliifunga vibaya kabisa. Nitaanza na hiyo.