Mjamzito wa Kidahwe

Jumatatu, 3 Machi 1997
Nimeacha udongo. Leo, kabisa. Jumapili mshenga wangu, Mzee Martini, anakwenda kuniposea Mélanie. Baba yake, Mzee Bukeyeneza, aliyekimbia Burundi mwaka wa sabini na mbili, kashasema hataki mkwe mlevi wala mvuta sigara. Mimi sinywi, sivuti. Nakula udongo tu, ule wa wajawazito. Nilibebeshwa gunia lake sokoni Mwanga, nikaonja. Basi.

Jumanne, 4 Machi
Mvua imepiga vumbi. Ile harufu! Mate yamejaa mdomo. Mwanga wananijua, nikadandia lori la mihogo hadi Kidahwe, pale malori ya wakimbizi yanaposimama. Muuzaji, Mama Agnesi, akauliza mimba ya mke wangu ina miezi mingapi. Nikaona haya. Nikasema mitatu. Akanipa pole, na nyongeza juu.
Kumbe kuna nyongeza.

Alhamisi, 6 Machi
Kidahwe tena. Nimesema mgonjwa wangu anatapika. Nyongeza mbili. Nimekula garini nimegeukia mihogo. Kipande kikiisha kinaita mwenzake. Mama Agnesi aliniangalia sana, akauliza kama si mimi Anatoli, kuli wa Mwanga. Nikaitikia. Ningefanyaje?

Ijumaa, 7 Machi
Mzee Martini kaja, hakukaa. Anauliza nimempa nani mimba huko Kidahwe. Mama Agnesi anasali kanisa moja na mama yake Mélanie. Bombani nimemsalimia Mélanie. Kaangalia ndoo.
Nikamwambia Mzee Martini ukweli, nakula mwenyewe. Akafikiri. Akasema afadhali ingekuwa mimba.

Jumapili, 9 Machi
Nimekwenda kwao Mélanie na Mzee Martini. Nimesema ukweli mbele ya wote. Mzee Bukeyeneza akasema mwanamume hali udongo, huyu ana mke. Mama mtu akaleta sahani, udongo wa binti yake mkubwa, mjamzito kweli. Haya kijana, kula tukuone.
Nikala. Mzee alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema ego, ndiyo ya Kirundi chao, huyu hana mke, ana wazimu kidogo tu. Mélanie kainama, mabega yanacheka. Nimesamehewa, kwa sharti moja: nisile tena. Nikaapa. Mzee akasema tufunge kwa sala. Wote wakafumba macho.
Sahani hawakuiondoa.
Wote walisema amina. Mimi sikuweza, mdomo ulikuwa umejaa.

Jumatatu, 10 Machi
Mzee Martini anasema posa imekufa, na barazani kwake nisikanyage. Mélanie kapita sokoni njia ya mbali.
Nimekaa nimefikiri. Kosa langu nimelijua: nilichukua kipande kikubwa. Na Mzee Bukeyeneza siku zote husali mpaka watoto wanalala. Jana kafupisha, nani angejua? Nitatafuta mshenga mwingine, mwenye maneno. Nitulie kwanza, na bila udongo situlii. Lori linakwenda Kidahwe kesho. Habari hii Mama Agnesi haijamfikia bado.
Nitamwambia ni mapacha.