Mgomo wa Kuku wa Adero

Jumatatu, 3 Machi
Adero amesafiri Kisumu kumtunza dada yake aliyejifungua. Mimi nimebaki Luzira na kuku wake. Maagizo: maji, chakula, na mayai kila asubuhi kwa Marie-Louise, yule Mkongo anayekaanga roleksi kando ya barabara ya Port Bell. Marie-Louise hataki mayai ya dukani. Wateja wake wanataka chapati iliyoviringishwa mayai ya kienyeji, yenye kiini cha manjano hasa. Adero alimbembeleza mwaka mzima kabla hajakubaliwa.

Mlangoni akanisihi nisiongeze kitu wala kupunguza. Nisiongeze! Mimi, mumewe, mtu mwenye kichwa cha biashara. Akirudi atakuta mayai maradufu, na atakosa pa kuficha uso.

Jumanne, 4 Machi
Nimetoka soko la Ggaba na kuku wapya. Muuzaji alikuwa anachanganya Kiswahili na Kiganda. Nikamwuliza kama hawa wanataga vizuri. Akajibu: "Ssebo, hizi zinamaamira sana."

Miaka yote niliyokaa Kampala sijawahi kukiri mbele ya mtu kwamba Kiganda kinanipita. Nikatikisa kichwa kama mwenyeji. Na neno lenyewe liko wazi. Maamira. Mama. Yaani ni mama wa mayai. Nikachagua wanene wenye macho makali.

Odyek, jirani yangu, askari wa magereza aliyestaafu, naye anafuga. Akachungulia juu ya seng'enge na kusema wageni watengwe kwanza wiki mbili. Kwa Odyek kila kiumbe kipya ni mahabusu. Nikamshukuru na kuwafungulia papo hapo. Wivu unamtafuna yule mzee.

Alhamisi, 6 Machi
Fedheha. Wageni wamewapiga wenyeji. Yule mwekundu wa Adero, anayetaga kuliko wote, amejificha chini ya tangi la maji na hatoki hata kwa mahindi. Mwingine amenyofolewa manyoya ya shingo. Mayai machache, na yote ya wenyeji. Wageni hawajatoa hata moja.

Nimewaza. Nimeyaacha mayai ya leo ndani ya viota ili wageni wajionee kazi inavyofanyika. Mfano mwema unafundisha.

Jumamosi, 8 Machi
Siku ya Wanawake. Taifa zima limepumzika, na kuku wangu pia. Hakuna yai. Wageni wamekaa juu ya yale niliyowaachia na hawataki kuguswa. Wenyeji hawana pa kutagia.

Marie-Louise anasubiri. Nikanunua trei ya mayai dukani, nikayapaka matope kidogo na kubandika unyoya hapa na pale. Kazi safi kabisa. Akapasua la kwanza mbele ya wateja. Kiini cheupe. Akaliangalia, akaniangalia. "Papa Wamalwa, hii mayai iko mugonjwa?" Nikasema ni hali ya hewa. Akapasua la pili. Watu kwenye foleni wakacheka, na mmoja akauliza kama siku hizi kuku wanatagia kwenye matope.

Mtu anajitolea kuokoa kifungua kinywa cha mtaa mzima, malipo yake ni kuchekwa.

Jumatano, 12 Machi
Nimemkuta Odyek amesimama kwa Marie-Louise na kikapu cha mayai. Aliona aibu kidogo, nadhani. Au jua lilimpiga machoni. Marie-Louise akaniambia bila kumung'unya maneno kwamba sasa anachukua kwa Papa Odyek, na kwamba pole zake ni kwa Mama Adero tu. Kwangu mimi hakuna pole.

Nikaenda bandani nikiwa nimechemka. Nikaingiza mkono chini ya mgeni mmoja. Akajivimbisha mpaka akajaa kiota, akanidonoa kidole hadi damu. Nimemlisha kwa mikono hii hii!

Jioni Adero akapiga simu. Akauliza kuku wakoje. Nikasema wametulia sana. Hapo sikudanganya, hawajainuka tangu Ijumaa.

Jumamosi, 15 Machi
Adero amerudi. Hakuvua hata viatu. Akaingia bandani, akatoka, akakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa. Akaniuliza nilinunua nini na muuzaji alisema nini. Nikamwambia, na ufafanuzi wangu wa neno mama nikaongeza.

 Kisha akasema maamira ni kuatamia. Yule mtu aliniambia wazi kwamba kuku wake ni hodari wa kulalia mayai, na kuku akiatamia hatagi. Nikauliza kwa nini basi asiseme Kiswahili. Akasema kwa nini mimi nisiulize.

Nilikasirika. Mfanyabiashara mwongo ana adabu yake, lakini huyu amenipunja kwa kusema kweli!

Kisha nikaona machozi ya Adero, na hayo sikuyatarajia. Akasema ile kazi kwa Marie-Louise ndicho kitu pekee hapa Kampala alichokipata mwenyewe, bila jina langu.  Nikamchemshia chai. Alikunywa nusu.

Jumapili, 16 Machi
Baada ya ibada Adero ameenda kwa Marie-Louise. Wamepatana: mwekundu na wenzake wakianza tena kutaga, Adero atarudishiwa nafasi yake, kwa sharti kwamba Papa Wamalwa asikaribie kikaango. Sharti hilo limetamkwa mbele ya watu. Kisha Adero akaomba kwa Odyek mayai yenye mbegu ya jogoo, akawawekea wageni walalie, na tayari majirani wawili wameweka oda ya vifaranga. Vifaranga vya kuku niliowachagua mimi. Asante sijaisikia.

Adero ameniapisha kwamba sitaleta tena kuku katika boma hili. Nimeapa, na mimi kiapo changu nakiheshimu.

Alipolala mchana nikateremka Ggaba. Nimepata bata watano, bei ya kutupa. Wana mwendo wa heshima, hawana haraka, na mmoja akitaka kunitazama anageuza kichwa chote. Muuzaji, mtu mwungwana, aliniambia kwa sauti ya chini kwamba "zikaddiye", akaninyooshea kidole kikongwe aliyekuwa akipita na mkongojo. Nikatikisa kichwa. Kadi. Wamechanjwa wote, na kadi wanazo.

Wako nyuma ya choo, wamefunikwa gunia. Adero alisema kuku. Kuhusu bata hakutamka neno.