Wali wa Sinyori na Shangazi wa Rozalia

Thembo, Masereka, ndugu zangu wa Bwera. Leo nimeaibika. Mchana kweupe, aproni kifuani! Nawaandikia mwenyewe kabla mtu wa Kasese hajashuka huko na basi akawasimulia vibaya.

Rozalia mnamjua, nesi wa zahanati, Muganda, yule ambaye mwaka mzima nawaambia nitamwoa. Basi shangazi yake kafika na treni kutoka Kampala kuja kunitazama. Kwa Baganda shangazi ndiye mwenye neno. Akisema nafaa, baba yake Rozalia anaandikiwa barua. Akisema sifai, hata nilie machozi ya damu, yamekwisha.

Nikajiuliza nimpikie nini. Matoke? Mama wa Kiganda nimpikie matoke mimi, Mkonzo? Si nitakuwa nimejitafutia kesi. Ndipo nikamkumbuka Sinyori.

Sinyori ni yule Mtaliano mpima barabara niliyempikia miaka miwili, kabla sijapata kazi ya kupima pamba stesheni. Kila Jumapili aliingia jikoni mwenyewe akapika wali wa uyoga anaouita risoto. Mnajua nilivyo, sikumpa nafasi ya kupumua. Kwa nini mchele hauoshwi? Kwa nini supu inatiwa upawa kwa upawa, si yote kwa mara moja? Kwa nini mtu mzima asimame nusu saa anakoroga wali? Yote alinijibu. Ule unga wa mchele ndio unaofanya uzito, ukiuosha umeutupa. Ukimwaga supu yote, umepika wali wa kila siku. Ukiacha kukoroga, unashika chini. Alipoondoka kurudi kwao aliniachia kopo la mchele wake mfupi mnene, na kipande cha jibini kigumu kama sabuni ya mche. (Nimekitunza miezi mitano. Panya walikionja wakakiacha.)

Rozalia sikumwambia kitu. Nilitaka sifa zangu azisikie kwa shangazi yake.

Na nilijiandaa, msifikiri nilikurupuka. Nilimwendea jirani yangu Mama Kahindo, Mkongomani wa Butembo anayeshona nguo barazani kwake, nikamwuliza kama kuna chakula Baganda wazee hawali.

"Bamama bazee ba Baganda habakulake kuku," akaniambia.

Ahaa! Nikaacha kuku, nikachemsha mifupa ya ng'ombe kwa supu. (Mwoneni mwerevu! Mkumbuke hapa.) Uyoga nikaununua kwa akina mama wa Munkunyu, ule mkubwa wa kwenye vichuguu unaoota mvua ikinyesha. Mvinyo aliokuwa akiutia Sinyori sikuwa nao, nikatia kikombe cha tonto. Najua, pombe ya ndizi si mvinyo, lakini nilitaka kujua itakuwaje.

Saa sita nikawasha sigiri ya makaa. Kitunguu kwenye samli, juu yake mchele mkavu, nikaanza kukoroga. Mama Kahindo akachungulia mlangoni, akashika kichwa.

"Yesu! Muchele hukuosha?"

"Hauoshwi."

"Na unakoroga sawa uji! Nani iko mugonjwa?"

"Wataliano ndivyo wanavyopika."

"Basi bote beko bagonjwa," akasema, akarudi kwenye cherehani yake.

Nikatia uyoga. Supu upawa mmoja, koroga. Upawa wa pili, koroga. Wali ukaanza kulainika, harufu ikajaa nyumba nzima. Mara nikasikia, "Hodi!"

Shangazi! Kaja mapema! Nifanye nini? Nikienda kumpokea, wali unashika. Nikibaki, nimemdharau. Jamani, nilipiga kelele kutoka jikoni: "Karibu, Shangazi! Siwezi kuja! Wali hauachwi!"

Kisha akatokea mwenyewe mlangoni pa jikoni, mama mnene, gauni lake la Kiganda, busuti, limemkaa. Aliishi Nakuru miaka mingi na mumewe wa reli, kwa hiyo Kiswahili hakimpigi chenga.

"Wewe ndiye unapika?"

"Ni mimi, Shangazi."

"Leo tu, au kila siku?"

"Kila siku."

Akatabasamu. Nawaapia, alitabasamu! "Mtoto wetu atapumzika," akasema. Moyoni nilikwisha oa, nina watoto wanne. Kisha akavuta pumzi, akajiziba pua kwa mshipi wa busuti, akasema atakaa nje. Nikamwambia pole kwa moshi. (Makaa yale hayakuwa na moshi hata kidogo.)

Nikapakua. Risoto nzuri, laini, imetandaa kwenye sahani vile vile Sinyori alivyopenda. Nikamwekea mbele yake kwenye mkeka, nikamsimulia jinsi Mzungu alivyonifundisha. Akainama kutazama.

"Hivi vyeusi ni nini?"

"Uyoga, Shangazi! Wa kichuguu! Wewe nimekuwekea mwingi kuliko wangu!"

Cherehani ya Mama Kahindo ikanyamaza.

"Rozalia ni mtoto wa kaka yangu," Shangazi akasema polepole. "Mimi na yeye ukoo wetu ni mmoja. Ukoo wa Uyoga. Hatuuli. Hatuupiki. Hata sufuria iliyopikiwa uyoga hatuli ndani yake."

Na mimi, badala ya kunyamaza, nikafungua mdomo. "Naweza kuuchagua nikautoa, Shangazi." (Nilisema hivyo. Mimi, mwenye akili zangu.)

"Bwambale, nyamaza," Mama Kahindo akaniambia kutoka barazani.

Shangazi akasukuma sahani. "Mwaka mzima mtoto wetu anakula hapa. Hukuwahi kumpa uyoga?"

"Nimempa, Shangazi. Hakukataa. Husema ameshiba."

"Na nyama?"

"Nyama anakula sana."

Hapo hata mimi niliyasikia maneno yangu: ameshiba, na nyama anakula. Mama Kahindo alicheka mpaka akalalia cherehani. Shangazi hakucheka, ila mabega yalimtikisika.

"Huyo Mzungu wa wali, ulimwuliza mambo mangapi?"

"Mengi, Shangazi. Mpaka akachoka."

"Na Rozalia?"

Hata sisi Bakonzo tuna koo zetu na vyakula tusivyogusa, ningejua kuuliza. Na stesheni napima pamba na Baganda watatu! Ningemtajia mmoja wao jina la Kiganda la Rozalia, lile la ukoo, angeniambia ukoo wake hapo hapo.

Akainuka. "Jumatatu napanda treni. Kesho jioni nitarudi hapa. Utanitajia ukoo wake, wa mama yake na wa bibi zake. Kwa kichwa, si kwa karatasi. Na ununue sufuria mpya." Akaenda kula ndizi kwa Mama Kahindo. Mimi nikala risoto peke yangu, na ubaya wake ni kwamba ilikuwa tamu.

Saa kumi na moja Rozalia akatoka kazini. Habari zilikwisha mfikia. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia.

"Nilikuwa nangoja uniulize," akasema.

Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma. Basi nikaketi nikauliza. Mama yake ni wa ukoo wa Senene, wale panzi wa kukaanga, kwa hiyo siku ya kwenda kwao najua nisibebe nini. Sasa tumefika kwa bibi mzaa baba. Amekwenda kuchota maji kidogo, ndiyo maana nimepata nafasi ya kuwaandikia.

Chekeni, siwakatazi. Ila kabla hamjamaliza, kila mmoja amwulize mkewe: akisema ameshiba, ameshiba nini?