Dhamana ya Kilomita Kumi

Siku daktari alipomwambia Dobri muuza nyama kwamba asipoanza kukimbia, moyo utamkimbia yeye, mlango ulikuwa wazi, na Yavor Chakarov alikuwa kwenye foleni akisubiri cheti cha ugonjwa asiokuwa nao. Yavor mwenyewe hakuwahi kukimbia. Hata polisi wa jiji lao la Plovdiv, Bulgaria, alikuwa akiwakwepa kwa teksi.

Wiki hiyohiyo alinunua gunia la viatu vya mtumba, akavifua, akavibandika nembo ya dhahabu, akasimama kando ya mfereji wa mashindano ya makasia, filimbi shingoni.

"Vua soksi, Bwana Dobri," alisema, akiukodolea unyayo kama anasoma wosia. "Lo! Mguu huu ulizaliwa kukimbia. Umecheleweshwa tu."

"Na soseji?"

"Na serikali! Viatu ni leva mia mbili taslimu. Baada ya wiki kumi, ukikimbia kilomita kumi bila kusimama, nakurudishia mara mbili."

Dobri, ambaye hupima nyama pamoja na kidole gumba chake, alinusa faida papo hapo. Hadi jioni walikuwa wamenasa watu saba. Wa mwisho alikuwa Zlatka, mjane wa miaka sitini na mbili, mwokaji wa banitsa, zile pai za jibini.

"Iandike hiyo ahadi, Kocha," alisema. "Na utie sahihi."

Yavor akatia, tena kwa madaha. Hesabu yake ilikuwa safi: mgeni wa mbio hutimka siku ya kwanza kama kaibiwa, siku ya pili magoti yanalia, siku ya tatu haonekani. Ili aonekane kocha kamili, akabandua karatasi moja kwenye ukuta wa zahanati, akaitoa nakala, akawagawia. Kosa lake ni kwamba hakuisoma.

Karatasi ilisema: kimbia dakika moja, tembea mbili, mara tatu kwa wiki. Ongeza kidogo kidogo. Ukishindwa kuongea, umezidisha kasi.

Wiki ya tatu Yavor alikuja kuhakikisha wamekata tamaa. Aliwakuta wote saba, wanakimbia wakisengenya majirani. Zlatka alikuwa na viatu vipya.

"Mama, vile vya dhamana viko wapi?"

"Nimevipandia vitunguu. Vidole vilikuwa vinagonga mbele. Nikaenda dukani jioni, mguu umeshavimba, na soksi zangu za mbio. Nikaacha nafasi ya kidole gumba, nikakimbia navyo mle ndani mpaka muuzaji akaniomba nitoke."

"Dhamana ni ya viatu vyangu!"

"Karatasi yako inasema kilomita. Viatu haijavitaja."

Kesho yake wote walikuwa na vipya. Yavor akabadili mbinu. "Jamani, mnajichelewesha! Leo piga kumi zote!"

Dobri akacheka hadi akashika kiuno. "Kocha anatupima akili! Tusiongeze kwa pupa, si ndiyo?"

Wiki ya sita akawaletea rakia, pombe kali ya matunda, ili walewe. Wakajisugua nayo magoti.

Jumapili ya mwisho, walipokuwa wanamaliza kilomita ya kumi, Yavor alibeba mkoba wa fedha zao na kutimua mbio kuelekea barabarani, alikoegesha gari lake.

"Kocha anakwenda wapi?" aliuliza Dobri.

"Labda kuna ya kumi na moja," akasema Zlatka. "Twende naye."

Yavor aligeuka. Watu saba walikuwa wanamfuata bila haraka, wakibishana namna ya kuchoma pilipili hoho. Akatupa koti, wakaliokota. Akatupa filimbi, wakaipuliza. Hata mita mia sita hazikufika, akajimwaga kwenye nyasi, viatu vyake vilivyochongoka vikitazama mbinguni.

"Pumua kwa tumbo, mwanangu," alisema Zlatka, akifungua mkoba kwa upole wa muuguzi. Fedha haikutosha. Wakauza gari lake, likatosha.

Zlatka hakuridhika. Alimpeleka akapimwe mguu, akamnunulia viatu vinavyomtosha, akamwanzisha dakika moja, mbili za kutembea. Ole wake akichelewa: wanamfuata mpaka kitandani.

Mwezi wa tatu wa mazoezi yake, bwana mmoja mnene mwenye saa ya dhahabu alimsimamisha pale mferejini.

"Wewe ndiye uliyewafundisha hawa? Taja bei yoyote, nalipa."

Yavor alitazama ile saa. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa na bidhaa ya kweli ya kuuza. Kisha akamtazama Zlatka, aliyekuwa amesimama ubavuni pake, mikono kiunoni.

"Bure," alisema Yavor, na neno hilo likamuuma kuliko miundi ya miguu yake.